Siku Niliyoanua Matanga

Harufu ya turubai lililoloa bado hunipandisha hasira, na hasira yenyewe ninayo tangu nikiwa na miaka saba, nyumbani kwetu Kariakoo.

Babu mzaa baba alikuwa baharia ujanani, kabla hajafungua duka la kamba karibu na soko. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba tanga ni kile kitambaa kinachokamata upepo. "Likishushwa, chombo hakiendi popote," alisema. Shangazi Zuhura naye, kila nikivuka kizingiti, alinikemea: "Acha kutangatanga, mtoto wa kike!" Nikimuuliza kama na huko kuna tanga, ananituma nikaoshe vyombo. Na vyombo navyo, kwa Babu, vilikuwa majahazi!

Babu alipofariki, hakuna aliyeniambia. "Babu amesafiri," wakasema. Turubai likafungwa mtaani, watu wakajaa, kila mmoja akisema amekuja matangani. Nikauliza hayo matanga yako wapi. "Wewe nawe, maswali!"

Siku ya tatu nikamsikia Shangazi akimwambia mpishi, "Leo tukishasoma hitima, tunaanua matanga."

Kuanua nilikujua, nguo zetu tulizianua kila mvua iliponyemelea. Na kitambaa kikubwa chenye kamba kilikuwa kimoja tu. Kumbe Babu alikuwa hajaondoka bado! Nikazunguka nyuma ya viti, nikafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Turubai likashuka na maji yote ya mvua ya asubuhi, juu ya kofia za wazee na masinia ya pilau.

Shangazi alitoka uani mbio. "We mtoto! Nani kakutuma?"

"Si umesema tuanue matanga? Nimeyashusha ili Babu asiondoke."

Mzee mmoja aliyekuwa akikamua kanzu yake akaacha. Shangazi akaketi palepale kwenye mkeka uliolowa, akanipakata.

"Babu amekufa, mwanangu. Tumeshamzika."

Ukubwani ndipo nilipoambiwa kwamba zamani wafiwa wa pwani walitandikiwa matanga ya vyombo wakalalia, na kwamba kuyaanua ni kumaliza kilio, kila mtu arudi kwake. Maelezo mafupi hivyo, na watu wazima nyumba nzima hawakuwa na nafasi ya kunipa! Basi wenzangu wote walilia siku tatu pamoja. Mimi nilianza siku waliyomaliza, nikalia peke yangu.