Picha za Watoto Mia Nne

Anselme, mkazi wa mtaa wa Kamenge, alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja ya mtaa wa Kinindo, upande wa pili wa jiji, iliyotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Alitunza majina na picha zao mashineni. Kila kilichoingia, mashine ilikiandika pia pembeni, kwenye jurnali, yaani daftari lake lililo kwenye diski ya pili, ili siku diski ikifa jurnali irudishe yote.

Lakini picha ni nzito. Kuziandika mara mbili kulimchelewesha, na siku zile risasi zililia upande wa kwao, basi la mwisho likiondoka mapema. Akaizima jurnali kwa picha tu, majina akayaacha. Anayefanya hivyo anatakiwa kunakili picha kwenye kanda ya akiba siku ileile. Anselme akasema kesho. Kesho ikawa wiki mbili, umeme ukakatika ghafla, diski ikafa.

Majina yalirudi yote. Picha mia nne za wiki hizo mbili, hata moja haikurudi, na kamera iliyozipiga ilikuwa imeshafutwa.

Jumatatu asubuhi akaja Mawazo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Uvira ng’ambo ya mpaka, akimtafuta mwanawe Jordan, miaka sita. Mashine ikatoa Jordan watatu wapya wa umri huo, kambi tatu mbalimbali, wote bila jina la mzazi.

“Nionyeshe sura, papa. Mi nitamujua hata kama amekonda.”

“Picha zimeharibika, mama. Ni umeme.”

“Ooh, pole papa. Umeme wa hapa ni muchawi.”

Houda, mkuu wa ofisi, akacheka mlangoni. “Na uvivu je? Nao ni muchawi?”

Masikio ya Anselme yakawaka moto. Mawazo akamtazama huyu, akamtazama yule.

“Si umeme, mama. Ni mimi,” Anselme akasema. “Sikuziwekea akiba, nilikimbilia basi. Hao Jordan watatu, picha zao zilikuwepo.”

“Kumbe ulimuona! Alikuwa na kovu hapa, kwenye nyusi?”

Anselme akatafuta kichwani, akakosa.

“Sijui, mama. Mi nilikuwa naangalia uzito wa picha.”

Mawazo akainuka, akakaza kitenge chake.

“Tutapiga zingine wiki ijayo,” Houda akasema, sasa bila kicheko.

“Apana. Mi siwezi kungoja. Nipe majina ya hizo kambi.”

Anselme akayaandika. Mawazo akaigeuza karatasi huku na huku, akamrudishia.

“Mi sijui kusoma. Nisomee polepole, niweke kichwani.”

Anselme akasoma kambi zote tatu, akarudia, akarudia tena, macho yake yakibaki pale pale kwenye karatasi, asiweze kumtazama usoni.