Bibi Golnaz Alivyowasimamisha Wanajeshi

Nakumbuka siku moja Campbelltown, mji wa ugenini tulikokimbilia, mwanangu, mitaa yetu ilipofungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa binti mdogo. Wanajeshi walipita na polisi wakigonga milango, kukagua walio karantini na kugawa chakula. Walikuja kwa wema, lakini sisi tuliokimbia vita Burundi na Kongo, tukiona magwanda tu, roho zilituruka.

Mtoto wa jirani yetu Mama Furaha alikuwa anachemka homa. Mama Furaha akajifungia naye ndani.

"Siwafungulii," aliniambia kutoka nyuma ya mlango. "Kwetu nako walianza hivi hivi, kwa kugonga."

Aliyetoka ni Bibi Golnaz wa nyumba ya chini, mzee wa kabila la Kiqashqai kutoka Iran. Akawazuia wanajeshi ngazini. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akasema, "Humu watu wanaogopa nguo zenu. Rudini nyuma. Leteni nesi peke yake."

Kijana wa jeshi akamtazama, kisha akapiga simu. Nesi akaja, Mama Furaha akafungua, mtoto akawahishwa hospitali. Alipona.

Nilimuuliza Bibi kama hakuogopa. Akanisimulia habari za watu wake, wafugaji wanaohama na kondoo kati ya milima na mabonde ya kusini mwa Iran. Katika vita vya kwanza vya dunia walipigana na Waingereza. Baadaye mfalme wa Iran akawanyang'anya silaha na kuwalazimisha kukaa mahali pamoja, mifugo ikafa ovyo. Mfalme yule alipoondoka, wakarudi milimani. Kisha wakasimama na waziri mkuu aliyetaka mafuta yawe mali ya taifa. Alipopinduliwa, wakuu wao wakaishia uhamishoni.

"Kila serikali ilitutaka tunyamaze," Bibi alisema akicheka. "Mpaka leo hatujajifunza."

Mwanangu, najua utanijibu kwa Kiingereza, si neno. Ila shika hili. Yule bibi hakuwa Mrundi wala Mkongo, na Kiswahili hakukijua. Alimwona jirani ana hofu, akatoka. Nawe usisubiri mtu wa kabila lako aonewe ndipo useme. Toka, sema kwa adabu, na utaje wazi unachotaka. Tena jifunze waliyopitia watu wako, maana hayo ndiyo yaliyomnyoosha mgongo Bibi Golnaz.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na popote utakapoishi akujalie majirani wa namna ile.