Miaka Miwili Bila Makala

Ilianza Jumapili, saa kumi na robo jioni, mvua ikipiga mabati. Nilikuwa kwa Kogo, nyanya yangu, hapa Merigi. Kabla ya kustaafu alikuwa mtafiti wa magonjwa ya akili, na chuo chake cha zamani kimemwomba orodha ya makala zake zote. Macho yake yamechoka, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa nachapa.

Kesho yake nilikuwa narudi shule. Nilikosa muhula mzima kwa sababu ya huzuni iliyokataa kutoka, mpaka daktari akanipa dawa. Lakini mimi na Mama tulishakubaliana, Kogo akisikia: nikiulizwa, ilikuwa taifodi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Hata nilijua nitashika tumbo wapi.

Katikati ya orodha nikaona pengo. Mwaka mmoja makala tatu, unaofuata mbili, halafu miaka miwili hakuna kitu kabisa.

"Kogo, hapa tuweke nini? Si tuseme ulikuwa masomoni?"

"Masomoni!" Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nilikuwa kitandani, mwanangu. Acha kuchapa kwanza."

Sikujua. Nafikiri hata Mama hajui. Naandika vile alisema, kabla nisahau.

"Kuna asubuhi moja ya ujana wangu bado naiona. Makala yangu moja ilikuwa imetoka, inauliza kwa nini watu huficha ugonjwa wa akili. Nilienda mpaka Chebunyo kwa ajili yake, nikaketi na akina mama wanaofuga, nikawauliza, nikaandika. Watu wakanisifu sana. Halafu nikaugua mimi. Usingizi ukapotea, chakula kikanishinda. Wenzangu niliwaambia ni malaria. Kila wiki malaria! Mwishowe, asubuhi hiyo, nikaenda kliniki ya mji wa mbali, nimejifunga kitambaa mpaka kwa nyusi, nikajiandikisha kama Rose.

"Kwa benchi kulikuwa na mama mmoja wa Chebunyo, mmoja wa wale niliowahoji. 'Daktari! Umekuja kutuandika tena?' Nikasema ndiyo. Hata kalamu nikatoa. Nesi akaita, 'Rose!' Nikanyamaza. Akaita tena. Yule mama akapaza sauti, 'Rose ni nani huyo anatuchelewesha? Tuna ng'ombe za kukamua!' Ikabidi nisimame.

"Ungedhani atacheka, lakini hakucheka. Alisema, 'Ulinikalisha ukaniuliza kwa nini watu wanaficha. Kumbe jibu ulikuwa nalo nyumbani.' Halafu akasonga kwa benchi. 'Enda, Rose. Ukirudi utakaa hapa na mimi.' Mpaka leo akinipigia simu, ananiita Rose."

Kogo akachukua kikombe chake tena. Mimi nilikuwa naangalia kibodi.

"Sasa sikia, mwanangu. Ule ugonjwa haukunichosha kama kazi ya kuchunga ile malaria. Leo umwambie huyu hivi, kesho ukumbuke ulimwambia yule vile. Sisemi usimame paredi utangaze. Anayeuliza kwa umbea, mwambie ulikuwa mgonjwa na sasa una nafuu, basi. Lakini tafuta mtu mmoja umwambie ukweli. Na dawa usiache mpaka daktari aseme. Mungu akupe usingizi mtamu, na akupe mtu wa kukaa naye benchi moja."

Nikasema amina kwa sauti ndogo. Halafu nikauliza, "Na hili pengo?"

"Liache hivyo hivyo. Ni miaka yangu pia."

Jumatatu asubuhi, Akinyi alinipata mlangoni mwa darasa. Baba yake hufanya kazi kiwanda cha chai, na mimi na yeye tumekaa pamoja tangu kidato cha kwanza.

"Weh! Ulipotelea wapi? Sisi tulisema umeolewa!"

Mkono wangu ukaenda kwa tumbo wenyewe. Nikaurudisha.

"Akili yangu ilikuwa imeugua, Akinyi. Bado nakunywa dawa."

Nilisema kwa sauti ya chini hata nikafikiri hakusikia. Akaingia darasani, akaenda kwa dawati letu, akaondoa begi lake kwa kiti changu.

"Mwalimu amenigombeza muhula mzima juu ya hii begi," akasema. "Walikuwa wanataka kuweka mtu hapa. Keti basi."

Nikaketi.