Mashua Iliyokuwa na Kiu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, baridi ikiwa imetuachia kidogo, tuliposhuka mimi na mjomba wangu, Tonton Déo, hadi kwenye mfereji, si mbali na kituo cha treni cha Gare du Nord huku Ulaya, kuirudisha mashua yake majini. Nilikuwa mwanafunzi wa falsafa, yaani mtu anayeshika brashi ya rangi kama kalamu.

Tonton ni mtu wa Bukavu, mji wa kando ya ziwa. Baridi ilipoanza aliionea huruma mashua ile ya mbao, akaihifadhi kwenye ghala la rafiki yake, kando ya radiateur ya kupasha joto, isishikwe na mafua. Ziwani kwetu mashua haijui theluji, nani angetufundisha? Mbao zikakauka, zikaachana, ukucha ukapita katikati. Tukapaka rangi juu, tukajisifu.

Mkewe, Maman Zawadi, alikuja na mwavuli wake. Tangu avuke ziwa akikimbia vita, hakuwa amekanyaga chombo chochote cha majini. Siku hiyo alikuwa amekubali, na Tonton alijua hatakubali mara mbili.

Kreni ikaishusha mashua ikiwa kwenye mikanda. Ilipogusa maji tu, yakaingia kila upande.

"Inazama!" nikapiga kelele, ndoo mkononi. "Tonton, tuzibe! Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Iyo ni ya nyumba, mutoto," Maman akasema. "Hii ni bateau. Haizame, iko nakunywa. Muliikausha sawa samaki ndagala, alors muache ikunywe."

"Na kama inakunywa mpaka inafika chini?" Tonton akauliza.

"Mikanda iko ya nini, papa? Umuambie muzee wa kreni asiachilie," Maman akamjibu mumewe.

Baba yake Maman, kisiwani Idjwi, ndivyo alivyofanya kwa mashua iliyokaa sana nchi kavu. Mwenye kreni alinung'unika, lakini akaiacha ikining'inia majini kwenye mikanda hadi kesho yake.

Tulirudi baada ya misa, tukachota maji yote. Hayakurudi. Nikapiga magoti, natafuta nyufa. Mbao zilikuwa zimevimba, zimekumbatiana, bila msumari wala gundi. Maji yaliyotaka kuizamisha ndiyo yaliyoifunga. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, lakini hilo sikulisoma popote.

Maman alisogea ukingoni. Kisha akavua viatu. "Bon. Unishike nguvu, papa." Akaingia.

Mwanangu, mji huu ukikuingia kila upande, usikimbilie kujiziba kwa kiburi. Mbao zikizibwa kwa gundi ngumu zingali kavu, siku ya kuvimba huvunjana. Kubali kuvuja kidogo, hata wakikucheka. Ila usivuje peke yako. Tafuta wa kukushika. Na ukimwona mwenzako anavuja, usimpigie kelele kama mimi. Mshikilie, umpe muda.

Mungu akupe maji ya kukukomaza, si ya kukumeza. Na siku utakapofika ukingoni ukiogopa, asikose mtu wa kukunyooshea mkono.