Bata wa Amana

Zamani bata akichinjwa kwa jirani, ufukwe wetu wote wa Igogo ulikula kutoka chungu kimoja. Siku hizi kila nyumba hufunga mlango kwanza ndipo ipakue.

Sisemi kwamba zamani palikuwa peponi. Tulikuwa na funza, tulikuwa na kipindupindu, na watoto tuliowazika huko juu kati ya mawe ni wengi. Lakini Mkristo akiwa na sherehe alimwita Mwislamu amchinjie, ili asiwepo jirani wa kukaa kando akisema hiki si halali kwangu. Hakuna aliyeiita sheria. Ilikuwa adabu tu, kama kumpisha mtu mlangoni. Mtaani kwetu aliyeitwa ni Abubakary, muuza nyama ya mbuzi, na nyuma yake hakukosa mkewe, Mwaija, amebeba beseni la maji ya moto.

Huyo Mwaija ndiye ninayemwandika, maana sioni mwingine atakayemwandika. Baba yake, mzee Mbaruku, alitoka Tabora akawa fundi wa magodoro ya sufi, kazi ambayo leo ukiitaja vijana wanakuangalia kama umeanza kuchanganyikiwa. Mwaija alizaliwa Igogo, akaolewa Igogo, akafiwa na mume Igogo. Binti yake Najat yuko Dar. Yeye amebaki na kikaango chake cha vitumbua, na sijapata kumwona akianza jambo bila kulitaja jina la Mungu kwa sauti. Akiwasha jiko, Bismillahi. Akifungua kufuli, Bismillahi. Akikanyaga maji ya ziwa kwenda kufua, Bismillahi, tena kwa sauti nene ya kiume inayokufikia kabla hujamwona mwenyewe.

Ukuta kwa ukuta naye aliishi Evelina, Mkerewe, mjane mwenzake, mfuga bata. Ni wale bata wakubwa wenye uso mwekundu kama uliochubuka, wasiolia ila hupuliza tu kama mtu anayepuliza mkaa. Mmoja mmoja aliliwa Krismasi au kwenye kipaimara cha mjukuu. Wengine walizeeka palepale uani kama ndugu. Jioni Evelina alisimama majini akawaita kwa sauti ndogo, nao wakatoka ziwani mmoja nyuma ya mwenzake.

Kisha ziwa likapanda. Lilipoingia uani kwa Evelina, ukuta ulianguka, banda likasombwa, na miguu yake mwenyewe ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Mwanawe Pius akaja kumchukua ampeleke kwake Sengerema. Nilikuwepo walipoagana.

"Dada, hawa sikupi," Evelina alisema, amekalia ndoo akisubiri bajaji. "Nakuachia amana. Nikipata nafuu nawafuata."

"Na nafuu ikichelewa?"

"Watanifuata wao. Wana akili kuliko huyu Pius."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Pius hakucheka. Alikuwa anatazama simu.

Amana si neno dogo kwa mtu aliyelelewa kama Mwaija. Nyumba ikiungua, unaanza kuokoa kitu cha watu, chako baadaye. Siku ileile alijenga banda jipya la mabati nyuma ya nyumba yake, juu ya jiwe ambalo maji hayafiki, akalitandikia majani makavu. Jioni akakunja khanga, akashuka majini na sinia la pumba iliyochanganywa na vumbi la dagaa.

"Bismillahi," akasema. "Bata, bata, bata, njooni."

Bata waliruka kana kwamba wametupiwa mawe. Wakapiga maji kwa mabawa, wakakimbilia ndani ya magugumaji, huko kijani kinakoziba mpaka huoni kitu. Akangoja mpaka giza likaingia. Hawakurudi.

Ndani ya magugumaji kuna kenge. Kuna na watu pia, na mtu ni mbaya kuliko kenge kwa kuwa kenge akishiba huondoka. Zamani bata wa jirani akipotea, uliletewa mlangoni na aliyemwokota. Sasa asubuhi Mwaija alikuta manyoya ufukweni, na kila baada ya siku chache kundi lilipungua mmoja. Alijaribu wali. Alijaribu fimbo ya kuwaswaga, akaazima hata kipande cha wavu. Kadiri alivyojitahidi ndivyo walivyozidi kumkimbia, na kila alipotokea tu kwenye njia ya ufukweni na sauti yake, wao walikuwa wamekwisha geuka kuelekea ziwani.

Dorotea, anayekaanga samaki pale kona, alipata kichekesho cha mwaka.

"Bibi Mwaija, hao bata wameokoka! Hawataki Bismillahi yako. Waimbie pambio!"

Watu walicheka. Mwaija naye alicheka, akamjibu, "Basi njoo wewe mlokole uwaite, nione kama hawatakukimbia na harufu hiyo ya mafuta." Lakini alipopita mlangoni kwangu hakuwa anacheka tena.

"Shemeji Luhende, nitamwambia nini yule?"

Maana Evelina alipiga simu kila Ijumaa. Wanangu hawajambo? Hawajambo, dada, wananenepa. Mwaija si mwongo. Kwa uongo ule alifunga Jumatatu na Alhamisi, na bado aliona haumtoki kifuani.

Ilikuja kuwa mafua ndiyo yaliyomfumbua macho. Sauti ilimkauka kabisa. Alishuka ziwani bila neno, akaweka sinia, na kwa kuwa alikuwa anakohoa aligeuka akaketi juu ya jiwe, mgongo kwa bata, asiwatishe. Alipogeuka tena walikuwa wanakula. Walikuwa karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Jioni moja watatu walimfuata mpaka kwenye banda, wakasita mlangoni, wakaingia.

Akapona. Akashuka na sinia lake, furaha tele, na sauti imerudi.

"Bismillahi!"

Sinia lilipinduliwa. Bata jike mzee, mwenye doa jeupe shingoni, alijirusha kwenye bati bovu lililokuwa ufukweni akachanika bawa.

Mwaija alikuja kwangu bila hata kunawa pumba mikononi.

"Shemeji, nimeelewa. Na natamani nisingeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Ni Abubakary. Alipoingia ule ua alikuwa na kisu, na kabla ya kisu lilikuja neno. Mimi niko nyuma yake, nimeshika mabawa, naitikia. Wale wakubwa waliona yote. Wadogo wamefundishwa na wakubwa. Wanaponisikia mimi, wanasubiri kisu."

"Basi si neno wanaloogopa, Mama Najat."

"Hilo najua mimi na wewe. Bata nani atamweleza?"

Akajipangusa pumba kwenye khanga. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba sauti ya mumewe imekwisha duniani, haiko kwenye picha wala kwenye kanda, na walioihifadhi ni bata tu, nao wameihifadhi kwa hofu.

Vitabu nilivyosoma katika maisha yangu, na nimevisoma bila mwalimu, havikuwa na jibu la hilo.

Mtu asiyemjua atasema: si anyamaze tu? Lakini mama yake alimfundisha kwamba chakula kisichotajiwa jina, shetani ndiye huanza kukila. Kwake kunyamaza ilikuwa kama kutoka nje kichwa wazi. Alifikiri siku nzima, vitumbua vikamuungulia, kisha akaamua. "Nitalisema moyoni. Mungu si kiziwi." Tatizo likawa mdomo. Ulimi uliozoea miaka yote ile haukungoja ruhusa yake. Akiinama tu, neno limetoka. Ndipo akabuni dawa: kabla ya kushuka ufukweni alikuwa anajaza maji mdomoni.

Mngemwona! Mtu mzima, sinia kichwani, mashavu yametuna. Ukimsalimu anatikisa kichwa. Dorotea akauliza, "Bibi, jino hilo?" Mwaija akamtazama, akapita, na nilijua kwamba matusi yote aliyoyastahili Dorotea yalikuwa yanaogelea mle ndani.

Ilichukua muda mrefu. Bawa la yule jike lilikuwa limeharibu hata kile kidogo kilichopatikana. Mwaija aliketi chini kabisa, kwenye mchanga, kwa kuwa aligundua kuwa mtu aliyesimama huwatisha. Alificha mikono chini ya khanga, kwani ndiyo iliyokuwa ikiwashika mabawa. Baada ya hapo akaitoa, akaiweka magotini, imekunjuliwa, haisogei hata inzi akitua. Dagaa mmoja karibu na mguu. Siku nyingine dagaa mmoja juu ya mguu wenyewe. Wakati huo wote kenge hakungoja. Tulipofika mvua za vuli walikuwa wamebaki watano. Lakini katika mvua hizo yule jike mzee alipanda mpaka magotini pake, akala kiganjani, na alipomaliza hakuondoka.

Maji ya mdomoni hayakuhitajika tena. Ulimi ulikuwa umejifunza. Alisimama majini akawaita kwa sauti ndogo, ile ile ya Evelina, "bata, bata, bata," na watano wakatoka kwenye magugumaji, wakampita miguuni, wakapanda jiwe wenyewe, wakaingia bandani. Ijumaa ile alipopigiwa simu hakusema uongo. Alisema yote, na waliokufa akawataja.

"Waweke kwenye simu," Evelina akasema.

"Nini?"

"Waweke kwenye simu, niwasikie!"

Mwaija akaingiza simu bandani. Tukasikia pumzi zao, na upande wa pili mwanamke mgonjwa akipiga kelele kama mtoto, "Wananipulizia! Wananipulizia, dada!"

Baada ya hapo simu ya Evelina ikawa haipatikani. Ijumaa zikapita. Mwaija alisema ni betri, na mimi nikakubali kuwa ni betri.

Pius alikuja asubuhi, na feri ya kwanza ya Kamanga kutoka upande wa Sengerema. Nilikuwa kwa Mwaija nikinunua vitumbua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

Akatazama viatu vyake. "Mama tulimzika, mama mdogo. Mwezi uliopita."

Mwaija aliteremsha kikaango kutoka jikoni kabla ya kusema lolote. "Mmemzika, na mimi sijui?"

"Tulitangaza kwenye grupu la familia. Nilidhani Najat atakuambia."

"Mimi niko kwenye grupu gani, Pius? Mimi nilikuwa ukutani kwake."

Zamani habari ya msiba ilibebwa na mtu. Alitembea, alivuka maji, alifika na vumbi miguuni, akakaa chini, akakohoa kwanza. Sasa inatupwa hewani, aliyeidaka ameidaka. Mwaija alilia bila sauti, na Pius alipewa chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alipomaliza ndipo akasema kilichomleta. Jumamosi ni misa ya arobaini. Wageni ni wengi. Amekuja kuwachukua wale bata wa mama.

"Na mchinjaji?" nikamuuliza.

"Siku hizi kila mtu anachinja mwenyewe, mzee. Mambo hayo yameisha."

Alishuka ufukweni na gunia. Akakunja suruali. Bata walikuwa karibu na nchi kavu, wakimtazama kwa jicho moja moja. Alipowarukia walienda ndani kidogo, akawafuata, wakaenda ndani zaidi, akateleza akaanguka kwa matako. Dorotea alicheka mpaka akaunguza samaki. Pius alirudi ametapakaa tope, na hasira.

"Mama mdogo, waite basi. Nasikia wanakuitikia."

Mwaija alikuwa amesimama mlangoni.

"Usiwaite," nikamwambia. "Mwache awakimbize mpaka feri ya jioni. Atachoka."

"Shemeji, mwenye mali amekufa. Huyu ndiye mrithi wake."

"Bata hao ni wako. Umewalea wewe."

"Alisema hanipi. Ulikuwepo." Akajifunga khanga vizuri. "Amana ikidaiwa hurudishwa, hata kama umeipenda."

Alishuka. Akasimama majini akawaita kwa ile sauti ndogo, na wakaja wote watano. Yule jike mzee alikuja wa kwanza, akapeleka mdomo kiganjani ambamo hamkuwa na dagaa, akatafuta, akatafuta tena. Mwaija aliwashika mwenyewe mmoja mmoja, chini ya kwapa, mabawa yametulia. Alimkataza Pius asiwaguse, atawavunja. Hakuna bata aliyepigana naye. Alipomfunga miguu wa mwisho, Pius akasema, "Kumbe ni wapole hivi."

Tenga tulimowatia badala ya gunia lilikuwa zito, nikashika upande mmoja, Mwaija upande mwingine, mpaka kwenye feri. Pius alitangulia kukata tiketi. Tuliwaweka sitahani kati ya pikipiki na magunia ya mkaa, tukashuka. Kupitia matundu ya tenga walikuwa wametoa vichwa, nyuso zile nyekundu, wanatazama huku na huku kwa kelele za abiria. Pius akapunga mkono akaita, "Ahsante, mama mdogo!" Mwaija akamjibu, "Safari njema, baba," na aliposema hivyo vichwa vyote vitano viligeuka kuelekea alipo yeye. Akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Feri ikarudi nyuma, ikageuka, na mpaka ilipokuwa ndogo upande wa pili wa ghuba niliweza kuona tenga. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona.