Polepole Akaza Bolti kwa Ajili ya Mgongo wa Mkewe

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Miguu miwili imechomoza chini ya teksi kuukuu iliyopandishwa jeki uani. Mwenye miguu anagombana na bolti yenye kutu. "Funguka basi, mtoto wa watu," anaibembeleza, kisha anaiporomoshea matusi yasiyoandikika gazetini.

Majirani wanamwita Polepole, na si kwa kumsifu. Ana miaka sitini na mmoja. Ishirini na tisa kati ya hiyo ameishi kwa usukani huu huu. Siku njema hupata abiria sita. Siku nyingi ni wawili, nao wanalalamika kwamba gari linagonga kama debe la mawe.

Lakini bushi, zile raba zinazoshikilia mikono ya tairi za mbele, hazibadilishi kwa ajili ya abiria. Mkewe ana maradhi yaliyoingia kwenye uti wa mgongo, na kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa hospitali. Kila shimo barabarani humpata yeye.

"Alikuwa anauma kitambaa asipige kelele," anasema Polepole. "Nikimwona kwenye kioo, sina pa kuuweka uso wangu."

Kinachomla roho ni kwamba hii si mara ya kwanza. Miezi miwili iliyopita alifunga bushi mpya mwenyewe, akajigamba mtaa mzima. Kumbe alikaza bolti zote gari likiwa bado juu ya jeki, tairi zinaning'inia. Gari lilipotua, raba zikajisokota, na wiki ya tatu zikachanika. Likaanza kugonga kuliko mwanzo, naye akailaumu barabara.

"Juzi fundi mmoja akaniambia, 'Mzee, hizi hukazwa gari likiwa limebeba uzito wake.' Lo! Mwezi mzima namtesa mke wangu kwa ujinga wangu mwenyewe!"

Ijumaa iliyopita mkewe alikataa kupanda. Jumanne akakataa tena. Daktari ameonya kwamba akikosa mara ya tatu, matibabu yataanza upya, na mwili wake hauna tena nguvu hizo.

Saa sita bushi zimeingia. Safari hii Polepole anashusha jeki, tairi zote nne zinakaa juu ya magogo mapana ili apate pa kupenya. Anaita mlangoni.

"Mama watoto, njoo ukae kwenye kiti chako. Nataka nikaze na uzito wako."

Mkewe anatoka akishika ukuta. "Uzito gani, baba? Nimebaki fremu tu."

Anakaa, taratibu, akiguna. Huko chini spana inalia.

"Bado?"

"Bado moja."

"Ukimaliza usinihesabu kwenye safari ya kesho. Nimechoka. Si mashimo peke yake."

Polepole anakaza ile ya mwisho, anatoka, anamshika mkono na kumrudisha ndani.

"Naogopa," anasema baadaye, bila kuona haya. "Gari najua pa kulishika. Yeye sijui."

Kesho saa moja atalileta mpaka kizingitini. Mkewe akikubali, wataenda hospitali kwa mwendo ule ule unaochekwa na mtaa.

"Akikataa, nitamwomba tuzunguke nyumba hizi mara moja tu, nimrudishe kitandani. Ajue kwamba haligongi tena."