Makofi ya Koko

Jumapili iliyopita, padri alipoinua Hostia, kanisa zima lilipiga makofi ya taratibu, kama sisi Bashi tunavyomsalimu mwami, mfalme wetu. Mikono yangu iligoma.

Nilimkumbuka Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake baba, alipotoka Walungu kututembelea Bukavu nilipokuwa mtoto wa shule. Alasiri nilimpeleka kanisani kwenye ibada ya Baraka. Kitenge chake kilinuka moshi wa jikoni, nami nilivaa soksi nyeupe. Masista walitufundisha kubana viganja, vidole vikielekea juu. Niliamini sala hupandia kwenye ncha za vidole, na ukikosea mikono, sala inaanguka chini.

Padri aliinua Sakramenti. Kengele ikalia, ubani ukatanda, watu wakanyamaza. Katika kimya kile nikasikia: pa, pa, pa. Koko alikuwa amepiga magoti, kichwa chini, anapiga makofi. Wasichana wa darasa langu wakageuka. Nikamkamata mikono kwa nguvu.

"Koko, acha! Huku hawafanyake vile. Batu banatuangalia."

Hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu Mwami, munamusalimiaka namna gani?"

"Unanyamaza tu."

Akaificha mikono ndani ya kitenge. Tangu siku hiyo, kila aliposali nasi, aliificha humo.

Jumapili hii iliyopita makofi yaliendelea pande zote, mimi nimeinama. Mjukuu wangu akanigusa kiwiko.

"Koko, piga basi. Batu banatuangalia."